Nta ya siku tatu za giza

Mama mmoja wa jumuiya yetu alifika kwangu Jumatano ya Oktava ya Pasaka, yaani zile siku nane za sikukuu, jua halijakaza, akaniuliza kama nta niliyonayo ni safi au imechanganywa. Nikashangaa. Watu wa mtaani hapa Isevya, Tabora, wakija kwangu wanataka asali: nusu lita ya kikohozi, lita moja ya nyumbani, basi. Nta huchukuliwa na wanunuzi wa jumla, wanaijaza kwenye magunia na kuisafirisha Dar es Salaam.

"Ya kazi gani, mama?"

Akasogea, akashusha sauti. "Ya mishumaa, baba. Kwani hukuisikia ile klipu kwenye grupu?"

Niliisikia. Kufikia asubuhi ile nilikuwa nimeisikiliza mara nne.

Nilibatizwa usiku wa tarehe 19 Aprili 2025, katika Mkesha wa Pasaka, nikiwa na miaka 38. Ubatizo, Kipaimara na Komunyo ya kwanza, vyote usiku mmoja. Nilichukua jina la Ambrosi kwa sababu ndiye msimamizi wa wafuga nyuki, na kazi ya nyumbani kwetu tangu babu ni hiyo. Babu alitundika mizinga ya magome kwenye miyombo ya Sikonge, baba akarithi, na mimi nanunua masega kwa warina asali wa kulekule, nachuja asali, nayeyusha nta. Basi usiku ule, kanisa likiwa giza na mshumaa mmoja mkubwa umesimama mbele, padre alipoimba Mbiu ya Pasaka na kufika mahali panapotaja kazi ya nyuki, nilihisi kama nimeitwa kwa jina. Miaka yote nimeishika nta kama bidhaa ya kupima kwa kilo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Kanisa huwataja nyuki katika usiku ulio mkuu kuliko zote za mwaka. Moto ukapita kutoka utambi hadi utambi mpaka nikauona uso wa mke wangu, na machozi yakanitoka.

Siku mbili baadaye, Jumatatu ya Pasaka, Baba Mtakatifu Fransisko akafariki dunia. Habari ilitufikia kabla ya adhuhuri. Mke wangu, aliyezaliwa Mkatoliki, alisikitika kama mtu aliyefiwa na mzee wa ukoo, akasali, akarudi jikoni. Mimi nilitetemeka. Nilikuwa Mkatoliki wa siku mbili, na Papa ameondoka. Jioni ileile klipu ikaingia.

Ilikuwa sauti ya mwanaume, dakika kumi na moja, Kiswahili kizuri, cha taratibu, kisicho na papara. Hakujitaja. Alisema Mtakatifu Malaki alionyeshwa Mapapa wote hadi mwisho wa dunia, kwamba orodha sasa imekwisha, kwamba anayekuja ni "Petro Mrumi" na chini yake mji wa Roma utaangamizwa. Kisha akaunganisha na siku tatu za giza: jua litazimika, umeme hautawaka, taa ya mafuta haitawaka, utawaka tu mshumaa wa nta safi ya nyuki uliobarikiwa. Funika madirisha kwa kitambaa cheusi. Usichungulie nje. Na ukisikia ndugu yako analia mlangoni anakuomba ufungue, usifungue, maana huyo si ndugu yako, ni pepo anayeigiza sauti yake.

Nilimuuzia yule mama kilo mbili. Ndani ya siku tatu nikauza kilo kumi na moja, tena kwa bei ya rejareja, ambayo sijawahi kuipata kwenye nta tangu nianze biashara hii.

Naandika haya nikimfikiria mtu atakayebatizwa Pasaka ijayo, au aliyebatizwa pamoja nami na bado simu yake inapokea klipu za namna hiyo kila wiki. Najua zinavyomkamata mgeni. Mtu anayeingia Ukatoliki akiwa mkubwa huona amechelewa. Wenzake wanaimba bila kitabu, wanajua wapi kupiga goti, wanaijua litania, wanamjua Bikira Maria wa Lurdi na wa Fatima na wa Kibeho, mahali anakosimuliwa kuwatokea watu. Yeye bado anahesabu Salamu Maria kwa vidole kwa sababu rozari inamchanganya. Halafu anatokea mtu na siri: jambo ambalo eti mapadre wanalikwepa na Vatikano inalificha. Ukiipokea, kwa mara ya kwanza unajua kitu wasichokijua waliozaliwa humo. Umewapita wote kwa usiku mmoja. Nilikaa na hisia hiyo siku nne nzima, na ilikuwa tamu. Nilimtazama mke wangu anapika maharage nikamwona kama mtu aliyelala usingizi huku nyumba inaungua.

Tena kwangu kulikuwa na jingine. Nilikulia katika kanisa la uamsho ambalo sitalitaja, ambako ubatizo humngoja mtu akomae na unabii haumngoji mtu. Kila Jumapili kulikuwa na neno la fulani kuhusu fulani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nabii alipomwambia mama, mbele ya watu wote, kwamba kuna mwanamke wa damu ya mume wake, mwenye alama shavuni, aliyeifunga riziki ya nyumba yetu. Hakumtaja jina. Hakuhitaji. Shangazi yangu alikuwa na kovu la moto shavuni tangu utoto.

Wiki iliyofuata shangazi alikuja na kapu la karanga mbichi, maana ulikuwa msimu wake. Akapiga hodi. Mama alikuwa ndani, nami nilikuwa ndani, na mama akaniziba mdomo kwa kiganja. Hodi ya pili. Ya tatu. Nilimwona kwa ufa wa dirisha la mbao: akatua kapu, akakaa kwenye gogo la pale nje kama mtu anayepumzika, akautazama mlango. Moshi wa jikoni kwetu ulikuwa unatoka, kwa hiyo alijua tumo. Akainuka, akazimimina karanga zote kwenye ungo wetu uliokuwa juani, akachukua kapu tupu akaondoka. Yeye na mama walikuja kusemezana tena kwenye msiba wa baba, miaka tisa baadaye.

Kwa hiyo ile sentensi ya mlango ndiyo iliyonifukuza usingizi. Nilikuwa nimeisikiliza klipu mara nyingi nikiwaza Malaki na Roma na giza, na sentensi hiyo ikawa inapita tu. Ijumaa usiku ikasimama. Niliwahi kukaa nyuma ya mlango wa namna hiyo. Niliuona uso wa aliyekuwa nje, na haukuwa uso wa pepo.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa katekista wetu. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, alifanya kazi reli mpaka kustaafu, na darasa letu la ukatekumeni, yaani maandalizi ya ubatizo, lilikuwa chini ya mwembe wa uani kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Ambrosi. Kaa."

Nikamchezea klipu. Alisikiliza yote, dakika kumi na moja, macho ameyafumba. Kisha akaniuliza nani anayesema. Nikajibu hajajitaja. Askofu gani ameupokea ujumbe huo? Hakutajwa. Malaki aliandika hayo wapi? Sikujua.

"Mtu usiyemjua akikuletea gunia la nta limeshonwa, unalipa?"

"Hapana, Mwalimu. Nafungua. Navunja kipande natazama pale palipovunjika, halafu natafuna."

"Unatafuna nta?"

"Iliyo safi haigandi kwenye meno. Iliyotiwa mafuta ya mnyama au utomvu inanata."

Akacheka kwa furaha, kama mtu aliyejifunza jambo jipya uzeeni. Kisha akaingia ndani, akatoka na Biblia yake ya jalada lililofungwa kwa uzi, akafungua Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya tano: "Msimzimishe Roho, msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Akanifanya nisome mara mbili. Mara ya kwanza, akasema, nisome nikimfikiria mtu anayeamini kila klipu. Mara ya pili nisome nikimfikiria mtu anayecheka kila habari ya unabii. Paulo anawasema wote wawili kwa pumzi moja.

Siku hiyo nilianza kutafuna.

Nikaanza na Malaki, kwa kuwa huyo ana tarehe. Malaki alikuwa Askofu Mkuu wa Armagh huko Ayalandi, mtakatifu wa kweli, aliyefariki mwaka 1148 mikononi mwa rafiki yake Mtakatifu Bernardo. Bernardo akaandika maisha yake, akazitaja karama zake hata ile ya unabii. Orodha ya Mapapa haigusi popote. Orodha yenyewe ilitokea mwaka 1595, katika kitabu cha Mbenediktini aitwaye Arnold Wion, miaka zaidi ya mia nne baada ya Malaki kuzikwa. Ina mafumbo mafupi ya Kilatini, moja kwa kila Papa, na kwa Mapapa waliotangulia kuchapishwa kwake mafumbo yanawakaa kama nguo ya kushonewa: nembo ya ukoo, mji wa kuzaliwa, jina la familia. Baada ya hapo yanalegea, hadi unaweza kumvika yeyote. Msomaji mwenyewe ataona hiyo inasema nini kuhusu siku iliyoandikwa. Na kwa hesabu ya wanaoiamini, Benedikto XVI ndiye wa mwisho kabla ya huyo Petro Mrumi, kwa hiyo tangu mwaka 2013 walikuwa wakisema Petro ni Fransisko. Alipofariki kitandani na Roma ipo palepale, jina likahamishiwa kwa atakayefuata.

Siku tatu za giza nazo mara nyingi hupewa jina la Mwenyeheri (ngazi iliyo kabla ya utakatifu) Anna Maria Taigi, mama wa familia wa Roma aliyefariki mwaka 1837. Alitangazwa mwenyeheri mwaka 1920 kwa sababu ya maisha yake, malezi yake, uvumilivu wake na sala yake. Kanisa halikuutangaza unabii huo pamoja naye. Hapa ndipo mgeni anapotegwa kirahisi: anaona jina la mtakatifu, anadhani kila kinachobebwa na jina hilo kimepigwa muhuri. Hata watakatifu wenyewe waliweza kukosea katika mambo hayo. Mtakatifu Vinsenti Ferrer, Mdominikani aliyefariki mwaka 1419, alizunguka Ulaya akihubiri kwamba hukumu ya mwisho imekaribia sana. Aliwarudisha wengi kwenye toba. Imepita zaidi ya miaka mia sita.

Padre wetu nilimpata wiki ya pili, baada ya Misa ya asubuhi. Nilitarajia anigombeze, hakunigombeza. Alinieleza kwa utulivu jambo ambalo, kusema kweli, nililisoma ukatekumeni likapita bila kuingia. Kwamba Mungu alikwisha sema yote katika Mwanae. Ufunuo ule unaotudai imani ulikamilika kwa kifo cha Mtume wa mwisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliandika mwaka 1965 kwamba hakuna ufunuo mpya wa hadhara wa kungojwa kabla Kristo hajaja kwa utukufu, na Katekisimu inalirudia katika namba 66. Namba inayofuata, 67, inazungumzia mafunuo ya binafsi: yapo, mengine yamekubaliwa na mamlaka ya Kanisa, lakini si sehemu ya hazina ya imani. Hayaji kumrekebisha Kristo wala kumkamilisha. Kazi yake ni kuwasaidia watu wa wakati fulani kuishi vizuri zaidi kile walichokwisha kupewa.

"Kwa hiyo, Padre, nisipoiamini Fatima sitendi dhambi?"

Akasema naweza kuwa Mkatoliki mzima bila kuishika Fatima, ingawa nikiidharau nitakuwa mtu wa ajabu. Papa Benedikto XIV, aliyekuwa bingwa wa kesi za watakatifu katika karne ya 18, alishaandika kwamba hata ufunuo uliokubaliwa hauombi imani ile tunayoikiri katika Nasadiki. Unaomba kukubaliwa kibinadamu tu, kwa busara. Kama hivyo ndivyo kwa uliokubaliwa, basi huo unaobishaniwa haunidai kitu chochote. Sijui kama naweza kueleza nafuu niliyoipata. Mgeni hudhani ana deni kwa kila mwenye maono. Hana. Usiku ule wa mkesha alipewa vyote, hakuna chumba cha ndani zaidi kilichofichwa ambacho ufunguo wake uko kwenye simu ya mtu.

Padre ndiye aliyenieleza pia kwamba mwezi Mei 2024 Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa lilitoa kanuni mpya za kupima mambo haya, zikaanza kutumika tarehe 19 Mei, siku ya Pentekoste. Askofu wa mahali huchunguza, hupendekeza, na Roma huthibitisha. Kuna majibu sita, kuanzia lile la juu liitwalo kwa Kilatini nihil obstat, maana yake hakuna kizuizi, hadi lile la kutamka kwamba jambo halikutoka kwa Mungu. Hata hilo la juu halisemi, "Tumethibitisha kwamba Mama Maria alitokea." Linasema waamini wanaweza kulikaribia bila hatari, yapo matunda ya Roho. Medjugorje, huko Bosnia na Herzegovina, ambako watoto sita walisema wamemwona Bikira Maria mwezi Juni 1981, ilibishaniwa zaidi ya miaka arobaini, na tarehe 19 Septemba 2024 ikapewa jibu hilo la hakuna kizuizi, pamoja na tahadhari juu ya baadhi ya ujumbe wake. Nilipokuwa mdogo unabii ulikuwa wa aina mbili tu, wa Mungu au wa shetani, na nabii mwenyewe ndiye aliyekwambia upi ni upi. Kugundua kwamba Kanisa lina subira ya kukaa na jambo miaka arobaini bila kulipigia kelele lilikuwa somo kubwa kuliko jibu lenyewe.

Na ubishi hauishii upande mmoja. Mtakatifu Faustina, mtawa wa Polandi, ambaye Rozari yake ya Huruma tunaisali hapa saa tisa alasiri, maandiko yake yalizuiwa na Roma mwaka 1959. Zuio likaondolewa mwaka 1978, naye akatangazwa mtakatifu mwaka 2000. Huko Amsterdam ikawa kinyume: askofu mmoja aliyakubali mwaka 2002 maono ya "Bibi wa Mataifa Yote", na mwaka 2024 Roma ikaiweka wazi hukumu yake ya mwaka 1974, kwamba hayakuwa ya kimungu. Nawafikiria waamini wa pande zote mbili. Wale wa Faustina waliotii wakanyamaza miaka kumi na tisa hawakupoteza kitu. Wa Amsterdam waliojenga sala yao yote juu ya ujumbe ule, sijui walilala vipi siku hiyo.

Mwezi Juni mama mkubwa wa mke wangu alikuja kututembelea kutoka Kasulu. Alipanda treni Kigoma na ndoo ya mawese na dagaa waliofungwa vizuri kwenye mfuko. Yeye aliwahi kwenda hija Kibeho, huko Rwanda, na nilipoanza kumweleza habari zangu za klipu, nikiwa sasa nimeshajifunza na nina maneno makali, alinikatiza.

"Polepole, baba. Usimwage maji mtoto angali ndani ya beseni."

Akanisimulia Kibeho kwa namna ambayo sikuwa nimeisoma. Msichana wa shule, Alphonsine Mumureke, tarehe 28 Novemba 1981. Wenzake walimcheka. Kisha Nathalie Mukamazimpaka, kisha Marie Claire Mukangango, ambaye alikuwa miongoni mwa waliomdhihaki Alphonsine. Tarehe 19 Agosti 1982 wasichana walilia kwa saa nyingi mbele ya umati, wakasema wanaona mto wa damu, watu wanauana, miili isiyo na vichwa. Wengi hawakuelewa. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari yalifika hadi ndani ya kanisa la Kibeho lenyewe, na Marie Claire naye aliuawa katika machafuko ya miaka hiyo. Askofu wa kwanza aliunda tume mbili, ya madaktari na ya wanateolojia. Mwaka 1988 akaruhusu ibada ya hadhara mahali pale, bado bila kuyatolea maono hukumu. Hukumu ilitolewa na Askofu Augustin Misago wa Gikongoro tarehe 29 Juni 2001, karibu miaka ishirini tangu siku ya kwanza. Na aliwakubali watatu hao tu, ingawa waliosema wameona walikuwa wengi zaidi.

Mama mkubwa alisema jambo moja ambalo bado linanisumbua. Akiwa pale Kibeho aliwaza kwamba onyo lilitolewa miaka kumi na miwili kabla, na halikumwambia mtu anunue chakula, wala afunge mlango. Liliwaambia watubu na wapendane, upesi. Fikiria kama wangefunguliana milango.

Nilikaa kimya. Nje watoto walikuwa wakicheza.

Tangu siku hiyo klipu ikija, ya Kiswahili au ya kutafsiriwa, swali langu la kwanza si tena kama itatimia. Nauliza inataka nimfanyie nini mtu aliye mlangoni. Najua swali hilo peke yake halitoshi, mafundisho potofu yanaweza kuvaa sura ya upendo. Ndiyo maana lipo swali la askofu, na lipo lile la Paulo kwa Wagalatia, kwamba hata malaika wa mbinguni akihubiri injili nyingine asisikilizwe. Lakini kwa mtu mgeni, ambaye hajasoma teolojia, ambaye paroko wake ana vigango vingi na hapatikani kila siku, hilo la mlango analiweza leo hii.

Na jingine analoliweza ni kutosambaza. Kidole kinakuwa chepesi sana. Mimi niliituma ile klipu kwa watu saba kabla sijaenda kwa Mwalimu, na wawili kati yao ni wakatekumeni wa darasa lililotufuata. Mmoja aliacha kuja mafundisho kwa miezi miwili kwa kuwa aliona hakuna maana ya kujiandaa kwa Pasaka ambayo haitafika. Nilimfuata nyumbani kwake mara tatu. Amerudi, nashukuru Mungu, lakini miezi ile miwili ni yangu.

Kuhusu unabii wa vitisho, Mwalimu alinirudisha kwa Yona. Ninawi iliambiwa siku arobaini, ikatubu, siku ya arobaini na moja ikaamka salama, na aliyekasirika peke yake alikuwa nabii. Roma ilipochapisha sehemu ya tatu ya siri ya Fatima, maono ya watoto watatu wa Ureno, mwaka 2000, Kardinali Ratzinger, ambaye baadaye ndiye Benedikto XVI, aliandika maelezo kwamba kilichoonwa na watoto wale si picha ya mambo yaliyokwisha kufungwa yasibadilike. Kimeonyeshwa ili watu wabadilike. Mtu anayekutangazia tarehe na kukuuzia maandalizi amekwisha kuamua kwamba wewe hutatubu.

Mkutano wa makardinali wa kumchagua Papa mpya ulianza tarehe 7 Mei. Humo ndani ya kikanisa cha Sistina, kati ya wapiga kura 133, alikuwemo Askofu wetu Mkuu wa Tabora, Protase Kardinali Rugambwa. Hilo lilibadilisha hali ya hewa ya mji huu. Mtu aliyetutolea Misa, ambaye tumembusu pete, amefungiwa mle akiandika jina kwenye karatasi. Klipu zilisema mle ndani pana njama. Sisi tulikuwa na mzee wetu mle, tukamwombea. Jumuiya ilikuwa inasali Rozari kila jioni kwa kuwa ni Mei, na Alhamisi ya tarehe 8, saa moja jioni imepita kidogo, tukiwa fumbo la nne, kijana mmoja akainua simu: moshi mweupe. Kwenye vyombo vya habari waliotajwa sana walikuwemo akina Petro kadhaa, Parolin, Turkson, Erdő, Pizzaballa, na mwenye klipu alikuwa amewaorodhesha wote. Akatoka Robert Francis Prevost, mzaliwa wa Chicago, akajiita Leo XIV. Neno lake la kwanza pale roshani lilikuwa kutuombea amani.

Wiki ileile ikaja klipu mpya, sauti ileile ya taratibu. Hesabu ilikuwa na kosa dogo, alisema. Sikuisikiliza hadi mwisho.

Ilinibaki ile nta. Nilimweleza padre kwenye kitubio na yaliyobaki ya huko ni ya huko, ila nilitoka nikijua la kufanya. Niliwafuata wale niliowakumbuka, nikasema narudisha hela, nachukua nta. Wawili walirudisha. Mmoja alisema Papa ni Papa na mishumaa ni mishumaa, hataki hela. Yule mama wa kwanza alikuwa ameshaiyeyusha yote. Alinionyesha: mishumaa kumi na tisa, ameimiminia ndani ya mabua ya majani ya mpapai, tambi za uzi wa pamba aliousokota mwenyewe, imepinda kidogo, njano iliyokolea, imepangwa ndani ya begi chini ya kitanda pamoja na kitambaa cheusi ambacho hakijakatwa. Hela ile ilikuwa ya sare ya binti yake wa kidato cha kwanza. Binti alikuwa bado anakwenda shule na sketi ya kuazima. Nikamwekea hela mkononi, nikamwambia mishumaa ibaki. Alilia, akasema, "Nilimwogopea huyu mtoto, baba. Nilitaka awe na mwanga." Sikuwa na neno la kumjibu, na hata sasa sina.

Wiki tatu zilizopita, Jumamosi jioni, zamu ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwake. Joto la Novemba hapa Tabora mnalijua, mvua imechelewa, mlango ulikuwa wazi kabisa na watu wengine wamekaa nje kwenye mkeka. Somo lilikuwa katikati umeme ulipokatika. Simu zikaanza kumulika, lakini msomaji alikuwa mzee na mwanga wa simu ulimpiga machoni. Mama akaingia chumbani. Nikasikia zipu ya begi. Akatoka na mshumaa mmoja, akauwasha kwa kiberiti cha jikoni. Utambi ulikuwa mnene mno, ukatoa moshi kwanza, watoto wakakohoa, kisha mwali ukatulia na chumba kikanuka asali. Akasimama pembeni ya mzee, ameushika kwa mikono miwili, nta inamdondokea kwenye vidole.

Mzee akatafuta mstari alipoishia, akaendelea kusoma.